Tulichukua Jembe, Tukaacha Swali

Mwezi uliopita mchwa waliingia rafu ya chini ya vitabu vyangu, ikanilazimu kuvitoa vyote nje na kuvianika. Katikati ya viongozi vya mwalimu na madaftari ya zamani ya maandalio ya somo, nilikuta kijitabu chembamba ambacho jalada lake limekwisha kutoka. Kilikuwa Elimu ya Kujitegemea, makala aliyoitoa Mwalimu Julius Nyerere mwezi Machi 1967. Ninacho tangu mwaka 1971, nilipokuwa mwanachuo wa ualimu. Nikavuta kigoda, nikaanza kukisoma upya, na kabla jua halijafika utosini nilikuwa nimekimaliza.

Maneno ya Mwalimu hayakunishangaza, maana mengi nayakumbuka. Kilichonishangaza ni mistari yangu ya penseli. Kila palipotajwa shamba nimepiga mstari. Kila palipotajwa kazi za mikono nimepiga mstari, pengine mara mbili. Lakini pale Mwalimu anapozungumzia akili ya mtoto, yaani udadisi wake, uwezo wake wa kupima anayoambiwa, kuyakubali au kuyakataa, na kujiamini kwake mbele ya watu wengine, karatasi ni nyeupe. Hakuna alama hata moja. Sababu naikumbuka vizuri. Mkufunzi wetu alitudokeza mapema ni mambo gani yangeulizwa kwenye mtihani, nasi penseli zetu zikamfuata. Makala inayopinga elimu ya kukariri tuliikariri.

Ndugu msomaji, hayo ndiyo yaliyonifanya niandike insha hii. Nataka kuihakiki makala ile kama mzee aliyeishi nayo miaka yote ya kazi, na kutuhakiki sisi walimu tulioipokea. Nasema hivi: tulichukua jembe, tukaacha swali. Na kosa hilo halikufa na shamba la shule. Lingali hai katika madarasa ya leo yasiyo na shamba hata la mchicha.

Tuanze na makala yenyewe. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na mwezi uliofuata Mwalimu akageukia shule. Alitaja kasoro za elimu tuliyorithi kwa mkoloni. Ilikuwa elimu ya wachache, waliobaki wakijiona wameshindwa maisha wangali watoto. Ilimtenga kijana na jamii yake. Ilimfundisha kwamba maarifa yote yamo vitabuni, hata akamdharau baba yake anayejua ardhi ya shamba lake kwa kuishika tu. Tena iliwaondoa katika kazi vijana wenye nguvu, wakalishwa na jasho la wengine.

Dawa aliyoitoa ilikuwa pana. Elimu ya msingi iwe kamili kwa wote, isiwe ngazi ya kwenda sekondari tu. Mtihani upunguziwe uzito. Shule iwe jumuiya, iwe na shamba au karakana, na ijilishe kwa kadiri inavyoweza. Lakini angalia alivyolieleza shamba hilo. Lilikuwa sehemu ya masomo: mbolea ielezwe katika somo la sayansi, na mimea na wanyama wajulikane kwa kuwatunza. Wanafunzi washiriki kupanga kazi. Hesabu za mapato na matumizi ziwekwe, na wanafunzi wawe na sauti katika kuamua ziada itumikeje. Kwa mujibu wa makala, shamba ni darasa la hesabu, la sayansi na la uraia.

Sasa nitazame tulichofanya sisi. Katika shule nyingi nilizopitia, Elimu ya Kujitegemea iligeuka kuwa vipindi viwili vya mwisho kwenye ratiba, kifupi chake EK. Kengele ya rimu ya gari ililia, watoto wakachukua majembe na madumu, mwalimu wa zamu akachukua fimbo. Kuna shule kadhaa zilizofanya vizuri, wala sizisahau. Lakini kwa wengi wetu kipindi cha sayansi kilibaki ubaoni, hesabu zikabaki daftarini, na shambani kukabaki jasho. Mtoto aliyechelewa asubuhi aliadhibiwa kwa kulima. Kazi ileile tuliyoisifu mstarini kuwa ni utu, tuliitumia kuwa adhabu, kisha tukashangaa watoto kuichukia.

Hapa sina budi kujitaja mwenyewe, maana mhakiki asiyejihesabu ni msengenyaji tu. Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika wilaya moja ya Nyanda za Juu Kusini. Tulikuwa na eka tatu za mahindi. Mavuno yalipokwisha, Ijumaa moja jioni, nilisimama mstarini nikawapongeza wanafunzi kwa bidii yao. Mwishoni, kwa mazoea tu, nikauliza, "Kuna mwenye swali?" Mvulana mmoja wa darasa la sita, mtoto mpole ambaye sikuwahi kumsikia sauti, akanyosha mkono.

"Mwalimu, tulipata magunia mangapi? Na hela zimenunua nini?"

Mstari mzima ulinyamaza. Walimu wenzangu waliangalia chini. Nilimwita mbele nikamchapa viboko vinne kwa utovu wa nidhamu.

Sikuwa nimeiba. Naapa kwa hilo hadi leo. Lakini hesabu hazikuwapo. Magunia yalikuwa yameuzwa kwa nyakati mbalimbali, fedha zikatumika zilipohitajika, na karatasi chache zilizokuwapo zilikuwa mifukoni mwa watu watatu. Mtoto yule alinigusa penye aibu, nami nikaiita aibu yangu kosa lake. Na kile alichokiuliza ndicho makala ya mwaka 1967 iliyotaka kila mwanafunzi akijue. Mtoto ambaye huenda hakuwahi kukishika kijitabu kile alikielewa kuliko mwalimu mkuu aliyekuwa nacho kabatini.

Kwa miaka yote niliyobaki pale, hakuna mtoto mwingine aliyeuliza swali mstarini. Mkaguzi alipokuja aliandika kwamba shule ina nidhamu nzuri, nami nilifurahi sana.

Basi lawama zote ni zetu? La hasha. Nimesoma tena makala ile kwa makini, na naona mapengo matatu ambayo ni haki kuyasema, hata kama aliyeiandika tunamheshimu.

Pengo la kwanza: inazungumza mengi kuhusu taifa na kuhusu shule, lakini machache mno kuhusu darasa. Inataka mtoto mdadisi, wala haimwambii mwalimu afanye nini Jumatatu asubuhi mbele ya watoto sitini wanaotumia vitabu kumi na viwili. Kweli, rais si mkufunzi wa mbinu za kufundishia. Nusu hiyo ya pili ilipaswa kuandikwa na sisi wa vyuoni na mashuleni, na hatukuiandika kwa uzito wa kutosha.

Pengo la pili: inamtegemea mwalimu ambaye naye amelelewa kuuliza. Mwalimu huyo alikuwa wapi? Sisi tulitoka katika shule zilezile ambazo makala inazilaani. Kisha likaja Azimio la Musoma la Novemba 1974, likiagiza elimu ya msingi kwa watoto wote ifikapo mwaka 1977. Lilikuwa jambo kubwa la haki, nalo liliingiza shuleni watoto ambao wangebaki kuchunga ng'ombe. Lakini walimu hawakutosha, ikabidi maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba wafundishwe ualimu huku wakifundisha. Nilifanya kazi nao. Wengi walijituma kuliko sisi wenye vyeti. Hata hivyo, kijana wa miaka kumi na tisa ambaye hajui vizuri anachofundisha huliogopa swali la mtoto kama nyoka, na kinga yake ya kwanza ni fimbo.

Pengo la tatu ndilo kubwa. Makala inataka wanafunzi waamue, lakini waamue ndani ya mambo ambayo wakubwa wamekwisha kuyaamua. Katika zama ambazo Chama kilikuwa na neno la mwisho, mwalimu mkuu alijifunza upesi ni nusu ipi ya makala iliyo salama. Shamba lilikuwa salama. Mgeni kutoka wilayani angeweza kulitembelea, akahesabu eka, akahesabu magunia, akaandika taarifa. Swali la mtoto halina eka wala gunia. Nani angeliandika katika taarifa? Kile kinachohesabika kilistawi, na kisichohesabika kilikauka.

Msomaji kijana anaweza kusema, "Mzee, hayo ni ya zamani." Namwomba aingie darasani kesho, akae nyuma, asikilize neno moja tu: "Mmeelewa?" Mwalimu anaeleza dakika kumi, anageuka, anauliza, "Mmeelewa?" Watoto wanaitikia kwa wimbo, "Ndiyooo!" Mwalimu anaendelea. Mimi nimelitamka neno hilo maelfu ya mara katika miaka arobaini ya kazi, na sikumbuki darasa lililowahi kujibu "Hapana." Si swali hilo, ni amri yenye alama ya kuuliza. Anayesema hakuelewa anamtukana mwalimu, anawachelewesha wenzake na kujitangaza mjinga, yote kwa mara moja. Huku darasa la tatu tunawafundisha methali isemayo kuuliza si ujinga, na tunawapa alama wakiikamilisha!

Mitaala imebadilika mara kadhaa. Mwaka 2005 ulikuja mtaala unaotaka ujuzi badala ya kukariri maarifa. Mwaka 2015 madarasa ya chini yakapewa mtaala wa kusoma, kuandika na kuhesabu. Ikaja Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, ikatolewa toleo jipya mwaka 2023, na mitaala mipya ikaanza kutumika kwa awamu Januari 2024. Naisoma yote, maana mzee hana kazi nyingi. Ni mizuri. Inasema mwanafunzi awe kitovu cha somo, awe na umahiri, afikiri kwa kina. Nikiisoma nasikia sauti ya Machi 1967, na ndipo ninapopata hofu. Tukiipokea kwa penseli ileile, tutapiga mistari palepale panapohesabika.

Tayari naona dalili. Nimeshuhudia darasa ambalo madawati yamegeuzwa watoto watazamane sita sita, mmoja anaandika, wawili wanachungulia, watatu wanacheza. Kisha mwakilishi wa kila kundi anasoma sentensi iliyonakiliwa kitabuni, darasa linapiga makofi, mwalimu anauliza, "Mmeelewa?" Mthibiti ubora wa shule, jina jipya la mkaguzi, anaweka tiki penye "kazi za makundi". Madawati yamegeuka, swali halijazaliwa. Huo ndio mwenendo wa shamba letu la EK, tofauti ni kwamba hauna vumbi.

Mtihani nao una sehemu yake. Tangu mwaka 2012 mtihani wa kumaliza darasa la saba ulipoanza kusahihishwa kwa mashine, kuchagua herufi sahihi kukawa ndiyo kazi kubwa ya mtoto, ingawa baadaye katika Hisabati yalirudishwa maswali ya kuonyesha njia. Mwalimu anayepimwa kwa matokeo hayo atafundisha kuchagua herufi; simlaumu. Na mtoto akishavuka kwenda kidato cha kwanza cha shule ya serikali, lugha ya kufundishia inageuka kuwa Kiingereza. Swali ambalo lilikuwa gumu kuulizwa kwa Kiswahili cha nyumbani, sasa linahitaji sarufi ya kigeni mbele ya wenzake arobaini wanaosubiri kucheka. Hapo swali linazikwa mara ya pili.

Sitaki kulalamika bila kuacha mbegu. Yafuatayo niliyajaribu miaka yangu ya mwisho kazini, nikiwa nimechelewa, katika darasa la watoto zaidi ya sabini. Hayahitaji semina wala mfadhili.

Kwanza, acha kuuliza "Mmeelewa?" Mahali pake weka kazi ndogo inayoonyesha kilichomo kichwani. Andika ubaoni 402 - 178, mwambie kila mtoto aandike jibu daftarini peke yake, kisha pita kati ya madawati. Utawakuta wengi wameandika 376. Mwalimu mwenye haraka ataweka mkasi na kuendelea. Mwalimu anayetaka kujua atagundua kwamba watoto hao hawakubahatisha. Wametoa namba ndogo katika kubwa kila nafasi: 4 toa 1 ni 3, 7 toa 0 ni 7, 8 toa 2 ni 6. Wana kanuni, ila kanuni yenyewe ni mbovu. Andika 376 ubaoni bila kumtaja mtu, uliza, "Aliyepata hivi alifikiri nini?" Kisha mwambie mmoja ajumlishe 376 na 178 aone kama anarudi 402. Anapata 554, na darasa lote linaguna. Mguno ule ni mwanzo wa elimu. Jibu sahihi, 224, watalifikia wenyewe.

Pili, ukiuliza swali, nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi saba kabla ya kumchagua mtu. Mara ya kwanza nilijiona mjinga kusimama kimya mbele ya watoto. Baada ya wiki mbili mikono ya nyuma, ile ambayo haikuwahi kunyoshwa, ilianza kunyoshwa. Darasa kubwa halina nafasi ya kila mtu kusema, kwa hiyo waache kwanza waambiane wawili wawili kwa dakika moja. Mwoga humwambia jirani yake kile asichothubutu kumwambia mwalimu.

Tatu, kama shule ina shamba au bustani, liingize kwenye somo kabla ya jembe. Chukua kipande cha mita 40 kwa 50. Mahindi yapandwe mstari hadi mstari sentimita 75, shimo hadi shimo sentimita 30. Tunahitaji mashimo mangapi? Watakaogawanya eneo watapata 8,888. Watakaohesabu mistari 53 yenye mashimo 166 kila mmoja watapata 8,798. Wamekosa akina nani? Waache wabishane. Atatokea mmoja atakayegundua kwamba pembeni hubaki kipande kisichotosha mstari, na mwishoni mwa mstari hubaki kipande kisichotosha shimo. Mtoto huyo hataisahau baki maishani mwake. Baada ya mavuno, mapato na matumizi yabandikwe ukutani, kwa mwandiko wa wanafunzi.

Nne, na hili ni la walimu wakuu: kila Ijumaa mwulize kila mwalimu, "Wiki hii wanafunzi wamekuuliza maswali mangapi?" Usimwulize yeye aliwauliza mangapi, hayo yamo kwenye andalio la somo. Mwanzoni majibu yatakuwa sifuri, kisha watu watatunga. Usijali. Shule ambayo mkuu wake huulizia maswali ya watoto, taratibu hujifunza kuyasikia. Tulizoea kuhesabu eka. Tunaweza kujizoeza kuhesabu na hili.

Wapo watakaosema kwamba mtoto anayeuliza sana hukosa adabu, na kwamba nyumbani mkubwa hahojiwi. Nawaelewa, maana nami ni babu. Lakini adabu ya Kiswahili haikukataza swali. Ilifundisha namna ya kuliuliza. Mvulana yule wa mwaka 1984 alinyosha mkono, akasubiri, akaniita mwalimu, kisha akauliza. Adabu yake ilikuwa kamili. Aliyekosa adabu mstarini siku ile ni mmoja tu, na ndiye aliyeshika fimbo.

Sijui alipo. Alimaliza darasa la saba, hakuchaguliwa, nami nilihamishwa mwaka uliofuata. Huenda kitabu hiki kitamfikia, ama yeye ama mtu aliyekuwa naye mstarini. Basi namjibu hapa, nikiwa nimechelewa zaidi ya miaka arobaini, kwa kadiri kumbukumbu na karatasi zangu zinavyoniruhusu.

Mwanangu, tulipata magunia kumi na tisa. Sita yalilisha shule. Mawili yalioza ghalani kwa uzembe wangu, kwa kuwa sikuweka dawa mapema. Kumi na moja tuliyauza. Hela zilinunua bati za nyumba ya mwalimu, chaki, mpira wa miguu mmoja, na chakula cha wageni waliokuja kukagua shamba. Kuhusu hela za gunia moja, sina maelezo.

Lilikuwa swali zuri.